Wimbo wa Jumuiya: Je, Ni Shairi Guni?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuuweke mezani wimbo ambao tunausimamia wima bila kuuhakiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliupata mwaka 2010, baada ya watunzi wa nchi wanachama kushindanishwa. Uliotia fora ni wa Mtanzania John Mugango.

Niliwapa wanafunzi wangu hapa Eldoret waainishe bahari yake. Wengi waliandika "shairi huru" wakafunga daftari. Huko ni kuparamia jibu! Wimbo una beti tatu za mishororo minne minne, yaani tarbia, pamoja na kiitikio. Hesabu mizani: kila mshororo wa beti hizo una mizani 10 au 11. Ndiyo maana a-unganifu "ya" imedondoshwa katika jina la Jumuiya kwenye ubeti wa kwanza. Ingalikuwepo, mshororo ungalifika mizani 12. Huo ni uhuru wa mshairi, na mtahiniwa anayeutaja sharti aeleze umefanya kazi gani. Vina ndivyo vilivyolegea. Katika ubeti wa tatu mishororo miwili inaishia kwa -ni, kisha -li, kisha -ra. Lahani huziba pengo hilo wakati wa kuimba. Msomaji wa kimyakimya hulihisi.

Uteuzi nao umeacha alama. Nafsineni ni "sisi", toni ni ya dua kisha himizo, na msamiati ni mwepesi. Wepesi huo siulaumu. Rwanda na Burundi zilikuwa zimejiunga mwaka 2007 tu, na hata mkataba wa 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kuchagua wimbo wa Kiswahili kulikuwa kauli yenyewe.

Ninacholaumu ni taswira. Wimbo wa taifa la Kenya haukutokana na mashindano ya aina hii. Uliandaliwa na jopo la wanamuziki watano kwa lahani ya bembelezi ya Wapokomo. Lakini nao huanza kwa dua, na papo hapo haki inageuzwa kifaa cha kujikingia vitani. Unaiona! Wa Jumuiya una nguzo, sitiari iliyochakaa kwa hotuba, halafu viwanda na mashamba. Wimbo unaopaswa kupita mbele ya waamuzi wa nchi tano huogopa kutaja mahali.

Na mahali papo. Simama kando ya Barabara ya Uganda mjini mwetu utazame malori yakielekea Malaba, mengine yakienda hadi Kongo, iliyojiunga mwaka 2022. Jumuiya ni dereva yule, na katika wimbo hayumo.

Basi niliwaambia wanafunzi waongeze ubeti wa nne wenye lori na foleni ya mpakani, kwa mizani zilezile. Maudhui waliyapata upesi. Mshororo wa tatu uliwatoa jasho kipindi kizima.