Kioo Kati ya Kuta Mbili: Uhakiki wa Kiungo cha Nyumba ya Kisasa na Jengo la Kale la Mawe

Katika usanifu wa majengo wa miongo ya karibuni, nyumba mpya inapoambatanishwa na jengo la kale la mawe, aghalabu huachwa nafasi nyembamba baina ya kuta mbili, na nafasi hiyo hufunikwa kwa kioo. Hoja inayotolewa ni kwamba kioo hakishindani na jiwe: ukuta wa kale huonekana wote, na mtazamaji hutambua mahali ukale unapokoma na upya unapoanza. Hoja hii inaafikiana na Mkataba wa Venice wa 1964, ambao kifungu chake cha 9 kinataka nyongeza isiyoepukika itofautiane na usanifu wa awali na ibebe alama ya wakati wake.

Mfano bora ni jumba la makumbusho la Hamar, Norwe, lililosanifiwa na Sverre Fehn. Humo vioo vimewekwa juu ya matundu ya magofu ya mawe bila kingo zilizobomoka kunyooshwa. Jiwe limeachiwa majeraha yake. Kioo kinazuia mvua na upepo tu. Hapo tunakubaliana na wanaokisifu.

Hata hivyo, makumbushoni hakulali mtu. Kiungo hicho kinapohamishiwa kwenye makazi, sifa zake hazina budi kupimwa upya, na kipimo kimo katika neno lenyewe. Kiswahili hutumia neno moja, kioo, kwa kitu kinachopitisha mwanga na kwa kile ambacho mtu hujitazamia. Huo si umaskini wa msamiati. Mchana, nje kukiwa na jua na ndani kivuli, kioo humrudishia mpita njia sura yake na kuuficha ukuta ule ule kilichokusudiwa kuuonyesha. Usiku taa zikiwashwa, mambo hugeuka: aliye nje huwaona wa ndani, nao wa ndani hujiona wenyewe. Kioo humvua mwenye nyumba sitara saa ile ile anapoihitaji, wala yeye hamwoni anayemtazama.

Usanifu wa mawe wa pwani ya Afrika Mashariki ulilijibu swali la kiungo kwa namna nyingine. Mjini Lamu, nyumba mbili za jamaa ziliweza kuunganishwa kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia, ambamo wanawake walipita kutoka nyumba hadi nyumba pasipo kuonwa na walio chini. Daka nalo lilimpokea mgeni mlangoni bila kumfunulia ya ndani. Viungo hivi viliunganisha na kusitiri kwa pamoja.

Makala hii haidai kwamba kioo kipigwe marufuku. Inachopinga ni uhakiki unaoufanya uwazi kuwa wema usio na masharti. Kabla ya kukisifu kiungo cha kioo, mhakiki aulize: nani anaona, nani anaonwa, na saa ngapi? Aidha, istilahi kama wikio na daka zisiachwe katika maelezo ya mambo ya kale pekee. Zifundishwe kwa wanafunzi wa usanifu kama dhana hai. Msanifu asiyekuwa na neno la kiungo kinachositiri atawezaje kukichora?