Mkondo Kwanza: Kiendeshi cha Servo cha Kujitengenezea Hupona au Kuungua Wapi

Mashine ya kukereza au ya milingi inayoendeshwa na servo haichakai sawasawa. Kitanda chake cha chuma hudumu miongo mingi, skrubu za kusogezea meza hurekebishika, na mota za DC zenye brashi hurudi kazini zikibadilishiwa brashi na beringi. Kinachotangulia kufa ni kiendeshi, yaani saketi inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya mashine na kuipa mota umeme wa kuitimiza amri hiyo. Kadi ya awali ikiungua, mara nyingi kiwanda kimeshaacha kuitoa, na hapo ndipo fundi hodari huamua kuijenga mwenyewe. Mchoro wake ni mwepesi machoni: transista nne zilizopangwa kama daraja, mikrokontrola moja, na enkoda nyuma ya mota. Lakini kazi hii inapoharibika huharibika pale pale, kwenye transista, na mara nyingi ni pale meza inapogeuzwa mwelekeo kwa ghafla. Ninachokitetea hapa ni kwamba kiendeshi cha namna hii huishi au hufa kwa jinsi kinavyoupima na kuuwekea mpaka mkondo wa umeme. Programu ya kufuata mahali, wingi wa transista na ukubwa wa bamba la kupoozea vyote vinakuja baada ya hilo.

Tuchukue mota ya ukubwa wa kati inayofaa meza ya milingi ya karakana: volti 60, ampea 8 za kufanya kazi kutwa, ukinzani wa koili omu 1, induktansi milihenri 2, na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 0.15 kwa kila ampea. Ikisimama huku imepewa volti zote 60, hakuna kinachouzuia mkondo isipokuwa ile omu moja, kwa hiyo utapanda hadi ampea 60. Hali mbaya zaidi huja mota ikiwa mbioni. Mota inayozunguka ni jenereta pia. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hii hutoa volti zipatazo 47 zinazopingana na zile za kiendeshi. Amri ya kurudi nyuma ikifika ghafla, kiendeshi hugeuza volti zake 60, na zile 47 zilizokuwa zikipinga sasa zinasaidia. Volti 107 juu ya omu moja ni ampea 107, zaidi ya mara 13 ya kiwango cha kazi. Mkondo wa namna hiyo hauishii kwenye transista tu. Mota za DC za servo zina kikomo cha mkondo ambacho kikivukwa sumaku zake hudhoofika, na mota iliyodhoofika sumaku haitarudisha nguvu yake kwa kubadilishwa brashi.

Ajali hii haitokei papo hapo, na hapo ndipo fundi anapata nafasi. Koili hukataa mkondo ubadilike ghafla: kwa volti 60 na milihenri 2, mkondo hupanda kwa kasi ya ampea 30,000 kwa sekunde, ambayo ni ampea 0.03 tu kwa kila mikrosekunde. Kiendeshi kinachokatakata umeme mara 20,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio kusikia, kina pigo moja kila mikrosekunde 50. Katika muda huo mkondo hauwezi kupanda zaidi ya ampea 1.5 mota ikiwa imesimama, au ampea 2.7 hivi ikigeuzwa katika kasi kamili. Anayeupima mkondo katika kila pigo ana muda wa kutosha kuuzuia. Anayesubiri enkoda imwambie kwamba meza imekwama amechelewa mno, kwa sababu enkoda hupima matokeo, na mkondo ndio chanzo chenyewe.

Kuna hitilafu nyingine isiyompa mtu muda huo. Daraja lina pande mbili, na kila upande una transista ya juu na ya chini zilizofuatana. Zikifunguka zote mbili kwa pamoja, umeme haupiti tena kwenye mota. Unapiga shoti moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi. Mosfeti ya aina ya IRFP260N, inayopendwa na wajenzi kwa kuvumilia volti 200 na ampea 50, ina ukinzani wa omu 0.04 ikifunguka. Mbili zikifuatana ni omu 0.08, na volti 60 juu yake ni ampea 750 kwa hesabu ya karatasi. Kinachozizuia zisifunguke pamoja ni pengo dogo la wakati kati ya kuzimwa kwa moja na kuwashwa kwa nyingine. Geti ya mosfeti hii inahitaji hadi nanokulombi 234 ili ifunguke sawasawa. Saketi ya kusukuma geti kama IR2110, yenye uwezo wa ampea 2, huijaza kwa zaidi kidogo ya nanosekunde 100, na rezista iliyowekwa kutuliza geti huongeza muda huo. Pengo la mikrosekunde moja linatosha na kubakiza akiba. Ni vyema pengo hilo litolewe na saketi yenyewe au na kipima muda kilichomo ndani ya mikrokontrola, lisitegemee mistari ya programu, kwa kuwa programu inaweza kukwama na waya wa kuunganishia unaweza kushika kelele.

Mahali pa kuweka kipimo cha mkondo ndipo makini ya mjenzi inapoonekana. Wengi huweka kihisi cha sumaku kama ACS712 kwenye waya unaokwenda kwenye mota. Ni mahali pazuri pa kuongoza nguvu ya mota, kwani kihisi hapo husoma mkondo wa pande zote mbili. Lakini ile shoti ya ndani ya daraja haipiti kwenye waya wa mota kabisa, na kihisi kitaendelea kusoma kana kwamba mambo ni shwari huku transista zikipasuka. Rezista ndogo ya omu 0.005 kwenye njia ya kurudi hasi, chini ya daraja, huiona shoti hiyo. Ampea 20 zikipita, hutoa milivolti 100. Ishara hiyo iende kwenye kilinganishi cha haraka, kwa mfano LM311 inayojibu kwa nanosekunde 200 hivi, na kilinganishi kizime geti zote nne na kubaki kimezizima hadi mtu awashe upya. Kuiachia programu kazi hii ni hatari. Bodi ya Arduino Uno, kwa amri yake ya kawaida, huchukua mikrosekunde 100 hivi kusoma volti moja, yaani mapigo mawili mazima. Kwa mkondo wa mota huo ni ucheleweshaji unaovumilika. Kwa shoti ya daraja ni sawa na kutokuwepo. Fyuzi nayo haiokoi transista, kwa kuwa huchukua milisekunde. Kazi yake ni kuokoa nyumba.

Hata kipimo kizuri hudanganywa na bodi iliyochorwa vibaya. Waya wa sentimita 10 hivi una induktansi inayokaribia nanohenri 100. Ampea 10 zikikatwa ndani ya nanosekunde 50, waya huo mfupi hutoa volti 20 za ziada, na kipimo kinachotafuta milivolti 100 kitazama ndani yake. Kwa hiyo kapasita ya filamu hukaa ubavuni mwa transista, nyaya za kupimia huanzia kwenye miguu ya rezista yenyewe, na njia ya hasi ya mikondo mikubwa hukutana na ile ya mikrokontrola mahali pamoja tu. Ishara za hatua na mwelekeo kutoka kwenye kompyuta hupitishwa kwenye optokapla, ili hitilafu ya upande wa nguvu isifike upande wa akili.

Mkondo una safari ya kurudi pia, na hii ndiyo inayosahaulika. Mota ikipunguzwa kasi, nishati iliyomo kwenye rota na skrubu hurudi kwenye kapasita za usambazaji. Chukua uzito wa kuzunguka wa kilogramu-mita mraba 0.002 kwa mizunguko 3,000: kuna takriban juli 100. Tuseme nusu yake inapotea kwenye msuguano na joto la koili. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyokuwa na volti 60 ilishabeba juli 18. Ikiongezewa 50, volti zake hufika karibu 117. Diodi haziruhusu nishati hiyo irudi kwenye transfoma. Mosfeti ya volti 200 itavumilia, kapasita ya volti 80 haitavumilia. Dawa yake ni rezista ya breki yenye transista yake na kilinganishi chake, inayowaka volti zikipita 70, kwa mfano. Kwenye gridi ambayo volti zake hupanda na kushuka kama zetu, kiwango hicho kipangwe kwa uangalifu: transfoma inayotoa volti 42 za AC hujaza kapasita hadi karibu 59, na umeme wa mtaani ukipanda kwa asilimia 10 hufika 65 kabla mota haijaguswa.

Kuna wanaosema kwamba viendeshi vingi hufanya kazi bila kudhibiti mkondo. Ni kweli. Chipu ya LM629, iliyotumika miaka mingi kuongoza servo, hulinganisha mahali palipoamriwa na mahali halisi, kisha hutoa mapigo kwa daraja bila kuuliza ni ampea ngapi zinapita. Kwa mota ndogo yenye ukinzani wa omu kadhaa, koili yenyewe ndiyo mlinzi. Kwa mota ya omu moja mlinzi huyo hayupo, na mafanikio ya mota ndogo si ushahidi kwa kubwa. Wengine hushauri transista kubwa zaidi. Transista kubwa zina geti nzito zaidi, huhitaji pengo refu zaidi, na hazizuii sumaku kudhoofika. Huhamisha tu mahali pa kuungulia. Hoja yenye uzito zaidi ni ya anayesema afadhali kununua kiendeshi kilichotengenezwa. Kwa karakana yenye kazi ya wateja inayosubiri, ana haki, na hesabu ya muda itamuunga mkono. Lakini kiendeshi cha kununua nacho kina kikomo cha mkondo cha kupangwa na breki ya kuunganishwa, na asiyejua mantiki yake atakiunguza vilevile. Anayejenga kimoja kwa makini anapata ujuzi wa kutengeneza kumi vya wengine.

Udhibiti wa mkondo una faida nyingine zaidi ya ulinzi: hurahisisha kila kitu kinachofuata. Mkondo ukitiiwa, nguvu ya mota inalingana moja kwa moja na amri, na kero ya induktansi inafichwa ndani ya mzunguko mdogo wa haraka. Kwa mapigo 20,000, mzunguko wa mkondo unaweza kufanya kazi kwa hezi 1,000. Ucheleweshaji wa pigo moja na nusu hula digrii 27 tu za uthabiti. Juu yake unawekwa mzunguko wa kasi wa hezi 100 hivi, na juu kabisa ule wa mahali. Anayejaribu kupanga mahali kabla ya mkondo huhangaika na meza inayotetemeka, akilaumu namba za programu wakati tatizo liko tabaka mbili chini.

Basi ujenzi ufuate mpangilio huo. Jaribu geti bila umeme mkubwa, ukiliangalia pengo la wakati kwenye osiloskopu. Washa daraja kwa mara ya kwanza kupitia balbu iliyofuatanishwa, ili kosa liwashe taa badala ya kupasua transista. Thibitisha kwamba kilinganishi kinazima kweli, kisha breki, kisha mkondo kwenye mota iliyofungwa isizunguke, kisha kasi, na mwisho mahali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kilinganishi na rezista ya kupimia ni vitu vya bei ndogo sana kuliko daraja jipya na mota iliyopoteza sumaku. Kiendeshi kisicho na kikomo cha mkondo kisifungwe kwenye mashine ya mtu.