Nyaraka za Vita vya Chetambe na Lugha ya Maonyesho

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: hati za serikali ya kikoloni ziwekwapo katika kabati la makumbusho, je, ni nani asemaye? Mfano wetu ni vita vya Lumboka na Chetambe vya mwaka 1895, na tukio la Malakisi la mwaka 1948. Kwa mkazi wa Malakisi makumbusho ya Kitale si mbali. Yalianza kama mkusanyo wa mlowezi, Hugh Stoneham, na mwaka 1974 yakawa ya taifa. Mwenye kabati alibadilika; msamiati wa hati haukubadilika.

Tuanze na jina la adui. Hati za zama zile huwaita Wabukusu kwa jina la Kitosh, jina walilopewa na wengine, nao wenyewe wakalikataa. Maelezo ya maonyesho yakilinakili bila ufafanuzi, mjukuu wa waliopigana hatajitambua katika habari za babu yake.

Pili, tutazame neno "askari". Vita hivi husimuliwa kama vita baina ya Wabukusu na Waingereza. Lakini C. W. Hobley alitoka Mumias, kwa Mumia wa Wanga, na wengi wa wapiganaji wake walikuwa Waafrika: Wasudani, Waganda, Wamaasai. Kwa upande mmoja, basi, hivi vilikuwa vita vya uvamizi. Kwa upande wa pili vilikaribia kuwa vya wenyewe kwa wenyewe. Neno "askari" huwavika wote hao sare moja, na kulifumba jambo ambalo maonyesho ya kweli yangelifumbua, hata kama linawaumiza majirani.

Tatu, Malakisi. Mwezi Septemba 1947 Elijah Masinde aliwaongoza wafuasi wa Dini ya Msambwa hadi ngome ya Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi hao Malakisi, wakafa watu 11. Kumbukumbu za kikoloni zililiita tukio hilo ghasia. Neno "ghasia" humtaja mwenye kelele na kumsahau mwenye bunduki. Tena, hati za 1895 zikipangwa mbali na zile za 1948, maonyesho yanaukata uzi ambao waumini waliufunga kwa miguu yao walipopanda Chetambe.

Hatusemi kwamba hati zifichwe. Zionyeshwe, lakini kila neno la mtawala liandikwe kuwa ni lake, na kando yake yawekwe masimulizi ya wazee kwa Lubukusu pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Hapo ndipo mfasiri anapokuwa mhakiki: akiandika "ghasia" au "mauaji" chini ya hati ya Malakisi, amekwisha kutoa hukumu, na inampasa kuwaonyesha wasomaji ushahidi wake.