Kuhama si Kuondoka: Istilahi za Kimbunga na Gari la Umeme

Istilahi hupimwa siku ya haja. Neno laweza kukaa miaka mingi katika orodha bila kumsumbua mtu, hata siku moja lisomwe redioni na msikilizaji aamue, kwa neno hilo, kubaki nyumbani au kutoka. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno ya matangazo ya kimbunga, pamoja na yale yanayoingia sasa na gari la umeme. Tutamfikiria msikilizaji mmoja: mkazi wa Mbuji, wilayani Mbinga, katika milima inayotazamana na Ziwa Nyasa.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa pwani wanakijua kimbunga kwa msiba. Kimoja kiliipiga Unguja mwezi Aprili 1872 na kuiangusha mikarafuu; kingine kiliingia Lindi mwezi Aprili 1952. Bara mambo ni mengine. Huko wengi wakisikia kimbunga hufikiri chamchela, upepo unaozunguka na kuinua vumbi uwanjani, kisha ukatoweka. Tena neno lenyewe humwelekeza msikilizaji kwenye upepo. Machi 2023, kimbunga Freddy kilipofika kusini mwa Malawi, maafa makubwa yaliletwa na mvua, mafuriko na maporomoko ya udongo milimani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia nguvu zake zikiwa zimepungua, lakini maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Somanga. Mkazi wa mteremkoni Mbuji hana budi kuambiwa habari za udongo kabla ya habari za upepo. Hatushauri neno kimbunga liachwe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Tunashauri lisisimame peke yake: tangazo litaje kimbunga, na papo hapo litaje kinacholetwa nacho mahali hapo, kama ni mawimbi, mafuriko au maporomoko.

Pili, viwango vya onyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mpangilio huu una sifa yake: ni mfupi, na maneno yote ni ya Kiswahili fasaha. Kasoro yake ni kwamba katika matumizi ya kila siku angalizo na tahadhari hukaribiana mno. Karani huandika angalizo chini ya jedwali. Mwalimu humwambia mtoto achukue tahadhari avukapo barabara. Rangi zinazoambatana na viwango hivyo humsaidia anayeona, si anayesikiliza redio. Kwa hiyo kila kiwango kisomwe pamoja na kitendo chake: jiandae, kaa tayari, ondoka.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ni neno kuhama. Wafasiri wengi wanapokutana na dhana ya kuwatoa watu katika hatari huandika kuhamisha, na wanaotolewa huitwa waliohamishwa. Katika nchi yetu neno hili lina historia. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu wengi walihamishwa, na kwa wengi wao kuhamishwa kulikuwa kuacha nyumba na shamba kwa kudumu. Mkulima wa Umatengo mwenye kahawa na ngolo zake mlimani akiambiwa ahame, ana haki ya kuuliza shamba atamwachia nani. Akibaki, tusimwite mkaidi. Amelielewa neno kama linavyoeleweka.

Wako wanaopendekeza kupisha, kwa hoja kwamba kimbunga hupita. Hoja ni nzuri, lakini tumekwisha kuzoea kusikia wananchi wakitakiwa kupisha barabara au mradi, na huko hakuna kurudi. Kujisalimisha nako kumekwisha kuchukuliwa na polisi. Kwa maoni yetu istilahi ifaayo ni kuondoka kwa muda. Ni ndefu, lakini ahadi ya kurudi imo ndani yake.

Sasa gari la umeme. Wenye magari huhimizwa kujaza mafuta mapema. Wa gari la umeme ahimizwe kuchaji kabla umeme haujakatika. Tarehe 4 Mei 2024, Hidaya ikikaribia, hitilafu katika gridi ya taifa iliikosesha umeme sehemu kubwa ya nchi. Hapa pana dhana tatu zisizopasa kuchanganywa. Septemba 2017, watu wa Florida, Marekani, walipokuwa wakikimbia kimbunga Irma, kampuni ya Tesla iliyafungulia kwa muda baadhi ya magari sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa kwa programu. Kilichoongezeka ni uwezo uliokuwa tayari kutumika. Umbali ukaongezeka kwa sababu hiyo. Mfasiri anayeandika nguvu ya betri kwa yote hayo hawezi kulieleza tukio hilo.

Tunapendekeza uwezo wa betri kwa kiasi inachoweza kubeba. Chaji iliyobaki kwa kilichomo sasa. Na umbali wa chaji kwa kilomita ambazo gari litakwenda. Masafa hatuyapendekezi, kwa sababu mafundi wa redio wanayatumia kwa maana nyingine. Ifundishwe pia kwamba umbali wa chaji ni makadirio. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66, lakini ni za kupanda. Mlima hula chaji zaidi, na sehemu yake hurudi gari linapoteremka. Anayekimbia maji ya ziwa huanza kwa kupanda.

Tunawaomba walimu na maafisa wa wilaya wayasome maneno haya kwa sauti mbele ya watu wasiohusika na kazi yetu, kisha wawaulize wangefanya nini. Neno ambalo jibu lake ni kubaki nyumbani, hali tulitaka watu watoke, halifai hata kama limekwisha kuchapishwa.