Canon RF 50mm f/1.8: Lenzi Ndogo Iliyonipagawisha Kitui na Makueni

Wapenzi wa kamera, hii lenzi ni moto! Inaenea kiganjani, ina uzito wa gramu 160 tu, wepesi kuliko simu nyingi tunazotembea nazo, na bado imenifanya nisimame kila baada ya hatua mbili kutazama upya masoko, miti na nyuso nilizozizoea tangu utotoni. Jina lake kamili ni Canon RF 50mm f/1.8 STM. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 2020 kwa bei ya dola 199 za Marekani, na kwa familia ya lenzi za RF hiyo ni bei ya huruma kabisa. Yangu imenifikia juzijuzi. Nikaifunga kwenye kamera yangu ya EOS R50, nikaanzia Kitui mjini, nikateremka na barabara ya Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, na lenzi ya kuvuta iliyokuja na kamera bado iko mkobani, haijaguswa.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo utamu wote ulipo. Lenzi ile ya kuvuta, ya 18-45mm, ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/6.3. Hii ya hamsini inafunguka hadi f/1.8. Piga hesabu mwenyewe: ni mwanga mara 12! Ndani ya kibanda cha mabati ambamo zamani ningepandisha ISO hadi 6400 na kutoka na picha iliyojaa chenga, sasa napiga kwa ISO 500 hivi, kasi ya shata ikiwa ileile. Rangi zinabaki rangi. Weusi wa ngozi zetu unabaki na kina chake, na mng'ao wa jasho kwenye paji la uso unaonekana ulivyo, badala ya ule ujivujivu unaotuudhi kila tukipiga picha ndani ya nyumba.

Na kwetu Ukambani mwanga mtamu hauishi muda mrefu. Jua likishapanda linawaka kwa ukali, vivuli vinakuwa vyeusi tii na macho ya watu yanapotea chini ya kofia. Kwa hiyo tunaopenda picha za watu tunaishi kwa mwanga wa alfajiri, wa magharibi, na ule unaoingia kwa mlango wa duka au wa karakana. Aina hizo tatu za mwanga ndizo lenzi ya praimu, yaani isiyovuta, yenye tundu kubwa inazozipenda kuliko zote. Mtu wa mji wenye mawingu kutwa anaweza kuiona hii kama starehe. Kwa mpiga picha wa Kitui ni chombo cha kazi.

Basi nikaingia nayo soko la Kalundu. Chini ya paa la mabati alikuwa ameketi susu mmoja, yaani bibi, anasuka kiondo, mwanga ukimjia kwa upande mmoja tu, kutoka kwenye njia.

"Susu, naweza kukupiga picha ukisuka?"

"Piga, mjukuu wangu. Lakini hiyo picha utaniletea."

Nikachuchumaa. Lenzi hii inalenga kitu kilicho umbali wa sentimita 30 tu kutoka kwenye kamera, kwa hiyo niliweza kuzisogelea zile nyuzi za katani hadi nikaona vijinywele vyake vikisimama pale anapouviringisha uzi pajani. Nikafungua tundu hadi f/2. Kidole gumba kikatoka wazi, na ufa wa kucha na unga mweupe wa katani uliokwama kwenye mikunjo ya ngozi. Kidole cha shahada tayari kilikuwa kinaanza kulainika. Kiondo chenyewe, chenye mistari ya zambarau na kahawia, kilikuwa kimeyeyuka nyuma yake, rangi zimebaki, umbo limepotea. Nikainua kamera kidogo, nayo ikalidaka jicho lake papo hapo, bila kuhangaika. Nilipomwonyesha kioo cha nyuma aliutazama mkono wake kwa muda, akacheka, akamwita jirani yake aje aone. Jioni ileile nikaenda studio mjini kuosha picha, na kesho yake nikampelekea.

Hapo ndipo lenzi isiyovuta inapokufunza adabu ya kazi. Huwezi kusimama ng'ambo ya barabara ukavuta sura ya mtu kama mpelelezi. Lazima uende kwa miguu yako, usalimie, ujitambulishe, ukubaliwe. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyetembea nusu ya dunia na kamera yake ya Leica, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50, na ukizitazama picha zake unaona alikuwa karibu na watu. Isitoshe, hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Ukitaka kuitumia kwenye tangazo au biashara yoyote, pata ridhaa yake. Ukiwa na lenzi inayokusogeza karibu, mazungumzo hayo yanakuja yenyewe.

Ndani ya lenzi hii ndogo mna vipande sita vya kioo katika makundi matano. Mpangilio huo ni wa ukoo wa zamani mno: mwaka 1896, Mjerumani Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss alibuni lenzi ya Planar, vioo vimepangwa pande mbili zinazokaribia kulingana huku tundu likiwa katikati, na mpaka leo lenzi nyingi za hamsini zinafuata wazo hilo. Canon wameongeza kipande kimoja chenye mkunjo wa pekee kinachosaidia kusafisha pembe za picha. Mimi husisimka kweli nikifikiria kwamba hesabu za zaidi ya miaka 120 iliyopita ndizo zinazonikamatia mwanga wa Kalundu.

Sasa ule ulaini wa nyuma! Nikiwa Makueni nilimsimamisha rafiki yangu mbele ya mwembe, jua likipenya kati ya majani, nikapiga kwa f/1.8. Kila tundu la jua likageuka duara la mwanga, kubwa, laini, limetulia. Katikati ya picha ni miduara kamili, na pembeni inabinyika kidogo kama jicho la paka. Tundu lina mabamba saba yaliyokunjwa, kwa hiyo hata ukilibana kidogo hadi f/2.5 miduara haigeuki haraka kuwa pembe saba. Nilipiga nyingine na nyingine, rafiki yangu akachoka kabla yangu.

Ila ujue f/1.8 haina mchezo. Mtu akiwa umbali wa mita moja, kina kinachotoka wazi kwenye R50 ni kama sentimita mbili na nusu. Jicho liko wazi, sikio limeshapotea. Akipumua tu akasogea mbele, umemkosa. Kwa watu wawili bana hadi f/4, kwa familia nzima mbele ya nyumba nenda f/5.6 au f/8 bila aibu.

Saa sita mchana nayo ina sharti lake. Kwenye jua kali la mji wa Wote au Mutomo, ISO 100 na f/1.8 vinadai kasi ya shata ya karibu 1/8000 ya sekunde. Shata ya kawaida ya R50 inaishia 1/4000. Ipo shata ya kielektroniki inayofika 1/8000, lakini vitu vinavyokwenda kasi vinaweza kupinda. Suluhisho ni kubana hadi f/2.8, ambapo 1/3200 inatosha, au kuvaa filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Mdomo wa lenzi hii ni wa milimita 43, saizi ambayo hukuti kirahisi madukani, kwa hiyo nunua ringi ya kupanulia ili uweze kutumia filta za saizi kubwa zaidi. Na kofia ya kukinga jua haimo kwenye boksi, inauzwa peke yake. Inunue. Kwetu hilo si pambo.

Vumbi pia. Lenzi hii haina mpira wa kuzuia maji wala vumbi, na pua yake hutoka nje kidogo inapolenga. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui ni lami safi, lakini ukichepuka tu kuelekea vijijini, vumbi jekundu linakusindikiza. Mimi hubadilisha lenzi nikiwa nimeupa upepo mgongo, kamera imezimwa na mdomo wake umetazama chini, na sifanyi hivyo kando ya lori linalopita. Brashi laini na kipulizia cha mpira havitoki mfukoni.

Haina utulizaji wa mtikisiko, na R50 yenyewe haina wa ndani, kwa hiyo kwa picha ya mkono sishuki chini ya 1/100. Kwenye video utaisikia mota ikinong'ona ukitumia maikrofoni ya kamera. Hayo ni kweli na nimeyaona, na bado ningeinunua tena kesho asubuhi.

Kwenye sensa ya R50, hamsini inabana mtazamo kana kwamba ni lenzi ya 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Kwa sura za watu ni raha tupu. Kwa chumba kidogo au mandhari unajikuta umegota ukutani. Hapo ndipo niliazima ya pili, RF 28mm f/2.8 STM ya mwaka 2023, na jamani, na hii nayo! Gramu 120. Unene haufiki sentimita mbili na nusu. Ukiifunga, kamera nzima inaingia mfuko wa koti, na inakupa mtazamo unaokaribia sana ule wa jicho lako mwenyewe.

Nilipanda nayo jiwe la Nzambani, lile ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Kwenye zile ngazi za chuma hamsini haikuwa na nafasi. Ya 28 ilizidaka ngazi, mwamba na mpandaji aliyekuwa mbele yangu, na nyuma yake tambarare ya Kitui ikinyooka hadi upeo wa macho. Kibwezi nikaijaribu kwenye mbuyu. Ukisimama mbali na mbuyu unapata mti. Ukiusogelea na ya 28 hadi karibu kuugusa, unapata makunyanzi, makovu ya watu waliokwangua magome, na matawi yanayojaza anga yote. Nilizunguka shina lile nikiongea peke yangu kwa furaha.

Si lazima uwe na kamera mpya ili uonje utamu huu. Studio nyingi za miji yetu bado zinafanya kazi na Canon za zamani zenye kioo cha ndani. RF haziingii huko kabisa. Tafuta EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, na siku ukihamia kamera za EOS R itakufuata kwa adapta. Wa Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao, angalieni sana: miili hiyo haina mota ya kulengea, kwa hiyo hamsini kuukuu ya AF-D itawalazimu kulenga kwa mkono. Chukueni AF-S DX 35mm f/1.8G ya 2009, gramu 200, tamu kwa ndani ya nyumba. Msikubali kuuziwa mwili mpya kabla ya kuwa na lenzi moja ya namna hii. Mwili wa zamani wenye kioo kizuri unaushinda mwili mpya wenye kioo kilichofunga macho, na hilo nitabishana na yeyote.

Ukienda Nairobi kununua, Moi Avenue au Luthuli, beba kamera yako na kadi yenye nafasi. Funga lenzi palepale kaunta, fungua tundu hadi mwisho, piga maandishi ya boksi ukiyalenga kwenye herufi moja, kisha kuza picha kwenye kioo uone kama ndiyo hiyo iliyotoka wazi. Kama ni ya mitumba, mulika tochi ya simu kwa nyuma utafute kuvu, ile inayotambaa kama nyuzi ndani ya kioo. Zungusha pete ya kulengea usikie kama kuna mchanga. Muuzaji anayekukataza kufanya hayo, muage kwa heshima uende duka la pili.

Ya 28 narudisha kwa mwenyewe Jumamosi, na nimeshaanza kuweka akiba ya kununua yangu. Kuanzia mwezi wa Novemba maembe ya Makueni yanaingia msimu, malori yanapakia, watoto wako juu ya miti na mvua za vuli zimelaza vumbi. Nitakuwa huko na hamsini kwenye kamera, ya 28 mfukoni na betri mbili zilizojaa chaji.