Daftari Kabla ya Kamera

Chumba cha kazi cha fundi mmoja wa kanda za video kiko Njoro, hapa Moshi, na dirisha lake limezibwa kwa pazia zito hata mchana, maana jua na vumbi ndio maadui wa kanda. Ndani mna televisheni ya kichogo, deki mbili za VHS, kompyuta iliyochoka na chupa ya spiriti. Mtaani anajulikana kwa harusi na kipaimara. Waliopita mbele ya kamera yake wakiwa watoto leo wanamletea watoto wao. Mimi nilimfuata kwa jambo jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 alifuatana na kikundi cha ngoma cha vijana wa huku hadi Kigoma, wakashinda na vijana wa Burundi waliokuwa wakimbizi katika kambi ya Mtabila, wakafundishana ngoma, na kwamba yeye ndiye aliyerekodi.

Nilimkuta akiihamisha kanda hiyo kwenye kompyuta. Kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, na anayehamisha sharti akae aitazame. Picha ikianza kuvunjika mistari, husimamisha, hutoa kanda, hupangusa kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti, hungoja kikauke, kisha hurudi nyuma kidogo na kuanza tena. Deki zake anazichunga kwa sababu nzuri. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki inayokufa leo inaacha nyuma yake kanda ambazo hazitasema tena.

Nilitazamia kuona ngoma. Nikaona watoto wakikosea. Kijana wa Kichaga ameshika mirisho miwili mbele ya ngoma ndefu ya Kirundi. Anapiga, mkono wa kushoto unachelewa, wenzake wanacheka. Kijana wa Burundi anakuja nyuma yake, anamshika viganja vyote viwili, anaipiga ile ngoma kwa mikono ya mwenzake. Wanapiga hivyo kwa muda mrefu, bila maneno, mpaka yule wa nyuma anaachia polepole na wa mbele anaendelea peke yake, kisha anapotea tena, kisha anaipata. Baadaye zamu inageuka. Sasa ni Warundi walio ndani ya duara la iringi, ngoma ya Wachaga, na mguu unaowashinda ni ule ule ambao mtoto yeyote wa Kibosho au Marangu huujua tangu akiwa mgongoni mwa mama. Kamera imeshuka chini kabisa, iko usawa wa miguu, haiondoki hapo. Kwa dakika nyingi hatuoni uso hata mmoja. Tunaona vumbi, nyayo, ndala moja iliyokatika, na mguu mmoja unaojifunza.

Mzee akasimamisha picha. “Jukwaani wote walicheza vizuri,” akasema. “Lakini pale huwezi kujua nani kamfundisha nani.”

Sijasikia mtu akiueleza ufundi huu vizuri zaidi. Mabadilishano ya sanaa kati ya vijana hayatokei siku ya maonyesho. Siku hiyo kila kundi limeshavaa sare, limeshapanga mistari, na kila mtu ameficha alichokuwa hakijui jana. Kilichobadilishana mikono kilibadilishana kwenye mazoezi, mtu alipokubali kuchekwa na mgeni. Mtunza kumbukumbu anayefika jioni ya kilele na kamera ya bei kubwa amekuta meza imeshafutwa. Yule anayejua kazi hufika asubuhi ya kwanza, na hukaa.

Kisha akanionyesha daftari, lile gumu la kaunta buku, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Nililishika kwa heshima zaidi kuliko nilivyozishika kanda. Kila kanda ina kurasa zake, na katika kurasa hizo kila kijana ameandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Asiyejua kuandika amechora alama, na mwenzake ameandika pembeni. Chini ya majina kuna maswali yale yale, kanda baada ya kanda: wimbo huu ulifundishwa na nani, huyo naye aliusikia wapi, huimbwa wakati gani, nani haruhusiwi kuuimba. Kwenye ukurasa mmoja, msichana alieleza kwamba wimbo wake alifundishwa na bibi yake, na bibi alibaki kijijini. Jina la kijiji liko pale. Jina la bibi liko pale. Huenda hakuna karatasi nyingine duniani ambamo majina hayo mawili yameandikwa pamoja na wimbo huo.

Na kuna jambo moja zaidi, dogo, ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Kila ngoma inapokwisha, kanda haikatwi. Inaendelea kwa dakika nzima bila mtu kucheza. Kwenye kanda ya Mtabila dakika hizo zimejaa: jogoo, mtu anakata kuni mbali, mtoto anaitwa akateke maji, turubai linapigwa na upepo. Alifundishwa hivyo, anasema, na mtu wa redio, ili apate sauti ya mahali itakayomsaidia kuunganisha vipande. Leo dakika hizo zina kazi nyingine. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012 na wakazi wake wengi wakarudishwa Burundi. Anayetaka kujua mahali pale palisikika vipi, atapasikia humu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliosema hivyo walikuwa na duka mawazoni, lakini sijui mali inayopotea upesi kuliko wimbo wa mtu aliyekimbia vita. Shamba linabaki mahali pake hata likiporwa. Wimbo unaondoka na mwenyewe, na akinyamaza umenyamaza.

Historia ya kazi hii kwetu ina mengi ya kujivunia na mengine ya kuuma. Mafundi wa Radio Tanzania walizunguka mikoani na magari ya kurekodia, wakaacha hazina ya kanda Dar es Salaam. Kabla yao, mwaka 1950, Hugh Tracey alipita Kenya, Uganda na Tanganyika na mashine zake. Huko Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, alirekodi wasichana wakiimba “Chemirocha”, wimbo waliomtungia mwimbaji wa santuri kutoka Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye kwao alikuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na sauti zile zikakaa humo. Zaidi ya miaka 60 ilipita ndipo watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walipozirudisha Kapkatet. Ziliweza kurudi kwa sababu Tracey aliandika mahali na majina. Lakini tazameni alivyoandika: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Jina moja. Wale wengine, ambao sauti zao ndizo zinazojaza wimbo, wamekuwa “wasichana”. Nikilisoma daftari la Njoro, lenye mstari kwa kila mtoto hadi yule anayepiga makofi nyuma, naona mzee wangu amemshinda Tracey kwenye jambo lenye uzito kuliko mashine.

Si kila kinachofaa kuonekana kinafaa kuonyeshwa, na hapa ndipo vijana wa maeneo ya vita wanapodai fundi wa aina yake. Mwaka 2005 watoto wa Patongo, kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wakiishi kambini kwa kuogopa waasi wa Joseph Kony, walikwenda Kampala kwenye mashindano ya taifa ya muziki ya shule. Waliibuka washindi wa ngoma ya asili kwa bwola, ngoma ya heshima ya machifu wa Waacholi. Filamu ya safari yao, War/Dance, ilipata tuzo Sundance mwaka 2007 na baadaye ikapendekezwa kuwania Oscar. Ni filamu nzuri ya macho, na iliwafanya watu wengi wa mbali waijue Patongo. Hata hivyo huwa naitazama kwa shida. Watoto wanasimulia mbele ya kamera mambo ambayo mtu mzima angeyasema mara moja tu maishani, gizani, kwa mtu anayemwamini. Nyuso zao ziko wazi. Bwola yenyewe, iliyowapeleka Kampala, tunaipata vipande vipande, imekatwakatwa ili ipishe machozi. Ningependa kwanza nione ngoma nzima.

Daftari la Njoro lina safu ya pembeni iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: “asioneshwe”, “sauti tu”, “miguu tu”. Ndiyo sababu ya ile kamera kushuka chini. Baadhi ya vijana wa Mtabila walikuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka, na uso kwenye kanda ungeweza kumfikia mtu asiyefaa. Mzee hakuwauliza kwa nini. Aliandika, akashusha kamera, akarekodi nyayo.

Hofu hiyo haijapitwa na wakati. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais wa nchi hiyo ikawakataza wanawake kuipiga. Jirani tu, Rwanda, kundi la wanawake la Ingoma Nshya, lililoanzishwa na Odile Gakire Katese mwaka 2004, lilikuwa limekwisha kupiga ngoma mbele ya mataifa, wajane na wake za wafungwa wakisimama mstari mmoja. Basi fikiria msichana wa Kirundi aliyejifunza kupiga ngoma uhamishoni. Kipande cha sekunde chache cha mikono yake, kikirushwa na mgeni aliyefurahi, kinaweza kumsubiri siku atakaporudi nyumbani.

Nasema sekunde chache kwa kuwa ndicho kipimo cha sasa. Nimehudhuria matamasha ambako mbele yangu hapakuwa na wachezaji bali simu zilizoinuliwa. Mwenye simu anarekodi mwanzo wa ngoma, anageuza kamera ajirekodi mwenyewe, anashusha mkono. Usiku ngoma ile iko mtandaoni imewekewa muziki mwingine juu yake. Nani alicheza? “Wakimbizi.” Wapi? Haijaandikwa. Waandaaji nao hawana afadhali. Wana mpigapicha wa kulipwa, na mpigapicha huyo ameambiwa asimkose mgeni rasmi: anaposhuka garini, anaposalimia meza kuu, anapokabidhi vyeti. Ripoti ya mradi inapoandikwa, ina mabango na nyuso za viongozi, na vijana wako nyuma wamesimama kwa safu kama miche ya kitalu.

Hatukosi mahali pa kuanzia. Tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, lilianza Kigali mwaka 2013, likapita Nairobi na Kampala, likafika Dar es Salaam Septemba 2019 na Bujumbura Septemba 2022. Vikundi kutoka nchi zilizowahi kupigana, na nyingine ambazo zimo vitani, vililala mji mmoja na kula pamoja. Kilichofundishwa mabwenini na nyuma ya jukwaa kiko wapi leo? Nani alikaa na daftari? Bidi Bidi, kaskazini mwa Uganda, kambi iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya watu waliokimbia Sudan Kusini, sasa ina jumba la sanaa lenye paa la kukinga maji ya mvua na studio ya kurekodia. Ni jumba la kupendeza. Lakini studio haimuulizi mtoto jina la bibi yake.

Goma wapo waliolielewa hili mapema. Yole!Africa, kituo cha Petna Ndaliko Katondolo, kiliwapa kamera vijana wenyewe na kuwafundisha kuzitumia, ili asiwepo mgeni wa kuja kuamua kipi ni kilio na kipi ni ngoma. Katika mji huo huo, Tamasha la Amani lilifanyika mara ya kwanza Februari 2014, likiwakusanya vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi kwenye uwanja mmoja, miezi michache tu baada ya mapigano kutulia. Januari 2025 Goma ilitekwa tena. Yaliyorekodiwa yakawekewa nakala mahali pengine yana usalama wake. Yaliyobaki ndani ya simu moja mfukoni mwa kijana mmoja yanategemea kijana huyo amekimbilia wapi, na kama alipita kizuizini simu ikiwa mkononi.

Mzee wa Njoro hana mwanafunzi. Vijana wa mtaani huja kumwomba awafundishe kuediti, wakaona lile daftari, wakaona saa tatu za kukaa kimya mbele ya deki, wakaaga kwa adabu. Siwalaumu sana; harusi inalipa, na hakuna taasisi iliyowahi kumlipa mtu kwa kuandika majina. Lakini kabatini kwake ziko kanda ambazo bado hajazihamisha, na deki mojawapo imeanza kutafuna.

Wewe uliyewahi kwenda Kigoma, Kibondo, Ngara, Goma au Kakuma na kikundi cha vijana, ukarudi na kanda, memori kadi au picha: zitafute wiki hii. Andika majina unayoyakumbuka, mpigie uliyekwenda naye akukumbushe mengine, weka nakala mbili mahali pawili. Na kama unajua alipo hata mmoja wa waliocheza, mpelekee yake kwanza.