Mkono Usiovuta

Kwenye kibaraza kimoja cha Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, yupo msusi wa makamo ambaye huanza kazi kwa kutazama. Mteja ameketi kwenye mkeka, kichwa kimeegemea goti la msusi. Vidole vinapita juu ya masikio, mahali ambapo miaka ya rasta za kubana imenyonyoa nywele hadi ngozi inang'aa. "Hapa sipagusi, mwanangu," anasema, na uzi bado haujafunguliwa.

Anajipaka mafuta ya nazi viganjani, kisha anachana kuanzia nchani kurudi nyuma, mkono wa kushoto umekamata nywele karibu na kichwa ili mvuto uishie hapo. Tata likigoma, chanuo linawekwa chini na vidole vinalitatua. Malori yanapita yakipiga honi, yeye hageuki.

Njia anazikata kwa mkia wa kitana. Mafungu yake ni mapana, kwa kuwa fungu jembamba huyabebesha mashina machache uzito wote. Mzunguko wa kwanza wa uzi mweusi haubani: fungu linaweza kugeuzwa huku na huku bila ngozi kufuata. Baada ya hapo uzi unashuka kwa hatua sawa hadi nchani, unafungwa, unakatwa. Kila baada ya mafungu machache humwambia mteja ainue nyusi. Ngozi ikikaza, au vipele vikichomoza shinani, anafumua. Nilimwona akifumua fungu lililonyooka kuliko yote, mteja akinung'unika kwamba lilikuwa limependeza. Lilikuwa limependeza kweli.

Mteja akauliza kuhusu kile kirola cha sindano alichokiona kwenye simu. Kipo, na si porojo. Utafiti wa Mumbai uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Waliopitishiwa rola ya sindano za milimita 1.5 kila wiki, pamoja na kupaka dawa ya minoksidili, waliota nywele nyingi zaidi baada ya wiki 12 kuliko waliopaka dawa peke yake. Inadhaniwa kwamba vijeraha vile huamsha uponyaji wa ngozi, na mashina yakaamka nayo. Lakini upara wao haukuletwa na msuko. Nywele zilizong'olewa kwa kuvutwa hudai kwanza mvuto ukome, kabla kovu halijaziba vitundu vyake. Na sindano chafu juu ya vipele hupandikiza usaha. Msusi alijibu kwa kifupi: "Kwanza tupapumzishe."

Kufumua hamwachii mtu. Nyumbani watu hupitisha wembe haraka, wakakata uzi pamoja na nywele. Kwa hiyo mteja anapewa siku ya kurudi, na siku hiyo msusi hutafuta fundo la nchani kwa kucha, analegeza, kisha anauzungusha uzi kinyume, mzunguko mmoja mmoja, hadi shinani.